Mbuzi wa Mama Joze Alivyotufikisha Nyabusozi

Kabla hamjaniuliza tena pale bombani: mbuzi nilimfungua mimi. Nimeliweka hili mwanzoni ili wale wenzangu mnaosoma mistari miwili na kusinzia msinzie mkiwa na ukweli.

Kanazi, ambako mbuzi alivaa tai

Nilimfungua mbuzi wa jirani yetu Mama Joze nikamvalisha tai yangu ya shule, nimpige picha, kwa sababu upande wa kidevu anafanana sana na mtu mmoja anayetusimamia mstarini asubuhi. Simtaji. Picha ilitoka vizuri. Mbuzi naye alitoka vizuri, mbio, mpaka kwenye maharage ya mama yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Alianza tuta la kwanza, akamaliza, akahamia la pili, kwa utaratibu, kama mtu aliyelipwa kibarua. Nilifanikiwa kumvua tai. Yeye nilimwacha aendelee maana mama alikuwa anakuja, nami nilikuwa na haraka.

Mama hakuniona. Alimwona mbuzi. Akamwita Mama Joze mpakani akamwambia amemwachia mnyama makusudi. Mama Joze akajibu kwamba mbuzi wake humfunga kwa fundo alilofundishwa na marehemu baba yake, Mzee Bonifasi, na fundo hilo tangu alijue halijafunguka lenyewe. Hapo ndipo mama aliposema neno. Alisema, "Baba yako yupi, huyo aliyekuwa hajui kufunga hata suruali yake?"

Mama Joze hakupandisha sauti. Alimshika mbuzi sikio, akasema taratibu, kama anayeomba chumvi, kwamba mrija wake hautaingia kwenye mtungi wa nyumba yetu. Akaondoka.

Wale mliokuja na wazazi wenu kutoka Mwanza na Shinyanga, niwaeleze. Kwetu wakwe wakija kuposa, mtungi wa kwanza wa pombe ya ndizi hutanguliwa na jirani wa karibu. Yeye anatia mrija wake, anavuta, ndipo wengine wanafuata. Maana yake amewaambia wageni: hawa nawajua, naishi nao, chukueni binti bila wasiwasi. Jirani asipotia mrija, wageni wanaanza kuuliza nyumba ile ya pili ni ya nani, na kwa nini mlango wake umefungwa, na baada ya hapo wanakumbuka kwamba wana safari ndefu. Dada yangu Editha alikuwa aposwe Jumamosi ya wiki iliyofuata. Gauni lilikuwa limeshatoka kwa fundi.

Mwenye akili angekiri pale pale. Mimi nilikuwa na simu.

Mnajua ile simu ya Klabu ya Amani. Lile shirika lilitupa ili tukiona dalili za ugomvi wa wakulima na wafugaji tutume taarifa. Tahadhari ya mapema. Tangu wameileta, kazi yake ilikuwa kupiga picha, na mimi kama katibu ndiye niliyekuwa nayo likizo hii. Nikaandika: "Tahadhari. Kanazi. Mkulima na mfugaji. Mkulima ana jembe, mfugaji ana mwiko. Maneno makali yametumika, moja limemgusa marehemu." Nilidhani watacheka. Wakajibu: "Asante kwa taarifa. Je, kuna mtoto aliye hatarini?" Nikajibu kwamba yupo mmoja, hali yake ni ya wasiwasi, tutaendelea kuwajulisha.

Kesho yake likaja gari jeupe lenye antena.

Alishuka kijana mmoja mwembamba anayeitwa Faustine, mwezeshaji, mpole, anaongea kama amebeba trei ya mayai. Alimsalimia mama shikamoo, akavuka mpaka akamsalimia Mama Joze shikamoo, akarudi katikati akasimama. Furaha yake ilikuwa ya kweli. Taarifa yangu ilikuwa ya kwanza tangu mfumo uanze. Akasema kule Nyabusozi, Biharamulo, wakulima na wafugaji wamekubali kukaa chumba kimoja kwa mara ya kwanza tangu kijana mmoja wa kifugaji akatwe panga mkononi, na ingewasaidia sana kusikia kutoka kwa pande mbili ambazo zilitolewa taarifa mapema kabla ya damu. Pande mbili zenyewe zilikuwa zinamtazama, kila mmoja kwenye uwanja wake.

Mama Joze akasema atakwenda. Mama akasema naye atakwenda, hawezi kumwacha mtu akaongee peke yake. Mimi nikaambiwa ninakwenda kama mwakilishi wa vijana.

Rusumo, ambako amani ilikwama forodhani

Kutoka kwetu kwenda Biharamulo hakuna sababu ya kupita Rusumo, ila kulikuwa na kofia. Zilikuwa zimeshonwa ng'ambo, nyekundu, zimeandikwa AMANI KWANZA, na zilikuwa upande huu wa daraja kwenye ghala la wakala wa forodha, zikisubiri karatasi. Faustine alisema kikao hakiwezi kuanza bila kofia. Hakusema kwa nini, na nadhani hata yeye hakuwa ameambiwa.

Tukakaa. Malori yalikuwa yamejipanga mlima mzima, madereva wamelala uvunguni, wengine wanafua. Maporomoko yanasikika lakini huyaoni, unaona nguzo za umeme tu zikipanda kilima. Mama alifungua kapu lake upande wa kushoto wa gari: ndizi za maharage. Mama Joze alifungua la kwake upande wa kulia: ndizi za maharage. Mama akaniita nikala. Mama Joze akaniita, "Seve, mwanangu, njoo ule, wewe huna kosa." Nikazunguka gari. Nikala hivyo hivyo. Mtu wa katikati lazima akubali majukumu.

Dereva, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, alinitazama nikizunguka gari mara ya tatu akaniuliza kwani mimi ni wa upande gani. Nikamwambia mimi ni shirika.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama wakala alipotoka na maboksi. Faustine alifungua moja akavaa kofia kuona. Ilikaa juu ya kichwa chake kama kifuniko cha chupa. Zilikuwa za watoto wa chekechea, zote. Akaivua, akaikunja vizuri, akairudisha. "Tutazigawa hivyo hivyo," akasema.

Barabara ya Nyakahura, na habari ya biskuti

Kwenye gari mama alikaa dirisha la kushoto, Mama Joze la kulia, mimi katikati. Faustine mbele alikuwa ametandaza karatasi kubwa juu ya magoti, kichwa chake kimeandikwa MAMBO TULIYOJIFUNZA, na chini yake hakuna kitu. Tulipofika vilima vya Benaco akatugeuzia shingo, akasema hapa ndipo palipokuwa kambi ile kubwa, mwaka ule wa wakimbizi, watu walipovuka daraja la Rusumo na magodoro vichwani. Akasema yeye alikuwa hajazaliwa, amesoma. Akasema dunia ilijifunza mengi hapa. Kwa mfano, ilijifunza kwamba wenyeji nao wanatakiwa wahusishwe.

Mama akauliza, akiwa bado anatazama nje, "Ilijifunza lini?"

Faustine akasema baadaye.

"Baada ya miti kwisha," mama akasema. Alikuwa binti mdogo wakati ule. Akaeleza, si kwa hasira, kwamba asubuhi moja waliamka kilima kina msitu, na kabla ya mavuno kikawa na moshi, kisha kikawa na upara, na kwao wakawa wanatembea mpaka giza kutafuta kuni. Watu wale wasingeweza kula mahindi mabichi, alisema, na aliyeleta mahindi hakuleta kuni. Faustine aliandika hilo. Ndiyo ikawa mstari wa kwanza kwenye karatasi.

Halafu Mama Joze, akiwa ameelekea dirisha lake, akamwambia Faustine kwamba baba yake alifanya kazi pale ya kufunga maturubai. Upepo wa kile kilima ulikuwa unayabeba usiku, unakuta familia asubuhi imekaa wazi na watoto. Ya Mzee Bonifasi hayakubebwa. Wakawa wanamgombania, kila mwenye turubai anataka alifunge yeye, na analala njaa pengine, maana hakuwa anakataa mtu. Fundo ndilo hilo. Alimfundisha akiwa amekaa juu ya boksi la biskuti za msaada.

Nilihisi bega la mama likikaza. Niko katikati, nahisi kila kitu.

"Zile biskuti zilikuwa ngumu," mama akaliambia dirisha.

Mama Joze akaliitikia dirisha lake kwa kichwa.

Nilikuwa na nafasi nzuri pale ya kukiri. Gari lilikuwa limetulia, Faustine ana kalamu. Nilifungua mdomo nikauliza kama tutapata chai Nyakahura.

Biharamulo, kitanda kimoja

Nyumba ya wageni Biharamulo walikuwa wameambiwa wanawake wawili, wakaandaa chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Faustine aliomba kingine, kikawa hakipo, kulikuwa na harusi mjini. Aliwaangalia wale wanawake kama anayeangalia daraja bovu. Mama akasema hakuna tatizo. Mama Joze akasema hakuna tatizo. Wote wawili walisema hivyo kwa sauti ambayo kwetu ina maana ya tatizo.

Asubuhi mhudumu alinieleza kwamba walilala mzungu wa nne, miguu ya mmoja kichwani kwa mwingine, chandarua wamekigawa sawasawa. Kwenye chai mama alimsogezea Mama Joze sukari. Nikapata matumaini. Kumbe ilikuwa imebaki ya chini, iliyoingiwa na wadudu.

Nyabusozi, ambako ndama alikuwa shahidi

Kikao kilikuwa darasa la pili la shule ya msingi, watoto wakiwa likizo. Wafugaji walikuwa wamekaa upande wa dirisha, wakulima upande wa ubao, na kila mzee amejikunja kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kidevuni. Tulisalimia. Wale wa dirishani wakatuitikia "Mwangaluka", wale wa ubaoni "Habari za safari". Kati ya pande hizo mbili hakuna aliyemsalimia mwenzake. Kijana aliyekatwa panga alikuwepo, anaitwa Shija, mkubwa, ana sharubu, kovu limetoka kwenye kiwiko mpaka karibu na saa yake.

Kofia ziligawiwa. Hakuna aliyecheka. Mzee Masanja, mkubwa wa wafugaji, aliiweka yake kwenye goti.

Faustine akawakaribisha mama na Mama Joze waeleze jinsi tahadhari ya mapema ilivyowasaidia. Mama akasimama akaeleza kwamba mbuzi amekula maharage. Mama Joze akasimama akaeleza kwamba mbuzi alikuwa amefungwa. Wakakaa. Faustine akashukuru, akageuza karatasi, anataka kuendelea na ratiba.

Mzee Masanja akanyoosha mkono. Akauliza kamba ni ya katani au ya plastiki.

Mama Joze akasema katani.

Bwana Kagoma, msemaji wa wakulima, akauliza maharage yalikuwa yamefikia wapi. Mama akasema maua. Kagoma akatikisa kichwa kama aliyefiwa. Masanja akauliza mbuzi ni jike au dume. Jike. Ananyonyesha? Ananyonyesha. Masanja akageuka, kwa mara ya kwanza, akamwambia Kagoma moja kwa moja kwamba mbuzi anayenyonyesha ana njaa ya watu wawili, hiyo lazima iingizwe kwenye hesabu. Kagoma akasema sawa, lakini maua nayo yaingizwe. Faustine alikuwa ameshika ratiba mkononi. Hakuisoma tena.

Masanja akasema fundo lisibishaniwe kwa mdomo. Tukatoka wote nje. Akaletwa ndama dume, mkaidi, Mama Joze akamfunga kwenye mlingoti wa bendera kwa fundo la baba yake, na sisi tukakaa chini kumtazama. Wake wa wafugaji wakaleta michembe na mtindi. Mama hajawahi kuona viazi vikavu vya namna ile, aliviangalia akadhani ni vya kuwashia moto, kisha akala sahani nzima. Ndama alivuta, akazunguka, akalala, akaamka kwa hila, akavuta tena. Kadiri alivyovuta, fundo lilizidi kukaza. Kagoma akaenda akavuta yeye mwenyewe mpaka kandambili ikakatika. Fundo likabaki.

Mzee Masanja akainuka, akajipangusa. "Huyu mbuzi alifunguliwa na mwenye vidole."

Nilivitazama vya kwangu. Nikavikalia.

Mama Joze alikuwa amesimama karibu na ndama. Akatamka polepole, kama mtu anayehesabu hatua gizani. "Basi nimeelewa. Walimfungua watu wa nyumbani kwa huyu. Hakutaka mrija wangu mtungini, akatafuta sababu."

Watu wote wakamgeukia mama. Mama yangu ana jibu la kila kitu, nyinyi mnamjua, mlimsikia siku ya wazazi. Safari hii mdomo ulifunguka na hakikutoka kitu. Aliangalia huku na huku kwenye uwanja ule wa watu asiowajua, wakulima na wafugaji, wote wamekubaliana kwa mara ya kwanza, na wamekubaliana juu yake. Nikaona gauni la Editha limetundikwa ukutani, halina pa kwenda.

Nikasema, "Nilimfungua mimi."

Masanja akauliza kwa nini.

"Nimpige picha."

"Picha ya mbuzi?"

"Akiwa na tai."

Hakuna kimya kizito kama cha watu wanaojaribu kuelewa jambo hilo kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma, kisha kwa Kisubi. Masanja akaomba aione. Nikatoa simu ya klabu. Aliishika mbali na macho, akamwita Kagoma aje asaidie kuona. Kagoma akaja. Shija akaja. Vichwa vikaongezeka mpaka simu haikuonekana tena, wa dirishani na wa ubaoni.

"Anafanana na mtu," Masanja akasema.

"Na mwenyekiti wetu," akasema Kagoma.

Ndipo wakacheka. Walicheka vibaya, wazee wazima, Kagoma ameshika bega la Masanja ili asianguke. Mama hakucheka. Mama Joze hakucheka. Faustine alikuwa anaandika mstari wa pili kwenye karatasi yake, nikachungulia: "Kabla ya kusuluhisha, uliza nani alimfungua mbuzi."

Tulipokuwa tunapakia, Shija alinifuata. Akaniuliza kama nimepigwa. Nikamwambia bado. Akatazama kovu lake, akatazama darasani ambako Masanja na Kagoma walikuwa wanarudi kukaa, akasema ile siku ya panga kulikuwa na boma la ng'ombe lililoachwa wazi, na hakuna aliyewahi kuuliza nani aliliacha. Akasubiri mpaka nikapanda gari mzima, viungo vyote vipo. Kisha akaingia darasani.

Kurudi Kanazi

Safari ya kurudi nilikaa nyuma kabisa na maboksi ya kofia zilizobaki. Mama na Mama Joze walikaa pamoja mbele yangu, si kwa mapenzi, ni kwamba katikati hapakuwa na mtu tena. Kutoka Biharamulo hakuna aliyeongea. Lusahunga hakuna aliyeongea. Nyakahura dereva aliwasha redio, akaizima mwenyewe.

Tulipofika Benaco, mama akasema, "Baba yako alikuwa ananipa zile biskuti. Kila nikipita na kuni. Nami nikasema neno lile."

Mama Joze akatazama vilima, miti imerudi sasa, mingi ni ya kupandwa.

"Nilijua anakupa," akasema. "Alikuwa anatoa zangu."

Wakaendelea hivyo, maneno machache, mengine kwa Kihangaza, mengine sikuyapata kwa sababu maboksi ya kofia yalikuwa yanagongana. Karibu na Ngara nilisikia mmoja wao anavuta kamasi. Sikuangalia ni nani. Kuna mambo hata mimi siyapigi picha.

Jumamosi wakwe walikuja. Mtungi uliwekwa katikati ya uwanja, na Mama Joze akaja amevaa kitenge kipya, mrija wake ameushika kama mshumaa wa kanisani. Akautia wa kwanza. Akavuta, akafikiri, akavuta tena, mpaka mzee wa upande wa bwana harusi akakohoa kumkumbusha kwamba kuna wengine. Editha alikuwa ndani anachungulia. Nilimwona akishusha mabega.

Siku zote hizo mama alikuwa hajanisemesha. Chakula naletewa, maji ya kuoga nayakuta, neno hakuna. Ningependa fimbo, fimbo ina mwisho. Wageni walipoondoka, akafagia uwanja wote, akaufunika mtungi, akanyanyua mgongo, akaniita kwa jina langu la ubatizo. Mnaoniuliza alisema nini, alisema hivi, sijaongeza wala sijapunguza:

"Severini, kuanzia kesho, kila asubuhi, iwe likizo iwe shule, utamfunga yule mbuzi kwa fundo la Mzee Bonifasi. Siku mwenyewe akitoka kaburini akakuambia limekaza, njoo uniambie, nitakuruhusu uache."